Kichwa cha Mjomba Kinaziba

Mjomba alikuwa ameahidi kwamba hatatamka neno kuhusu kazi yake, na ahadi ni deni. Siku hiyo walikuwa wanaonana na wakwe kwa video, na bibi yake bwana harusi alikuwa na sifa inayotisha: yeye akisema hapana, ukoo mzima unasema hapana.

"Wakiuliza, sema unatengeneza fanicha," mpwa wake, bibi harusi mtarajiwa, alimsihi. "Tafadhali, Mjomba."

"Kwani si fanicha? Imekosa miguu tu."

Mjomba alikuwa fundi wa majeneza. Mkono wake ulikuwa hodari, lakini majirani walimpenda kwa mbali. Akitoa salamu, mtu anakumbuka ghafla kwamba ana haraka. Hata wagonjwa aliokwenda kuwajulia hali walipata nguvu papo hapo, wakainuka wakaondoka. Kwa hiyo biashara ilikuwa imelala, mpaka mchapishaji wa mabango alipompa siri. Siku hizi, alimwambia, wenye akili huweka msimbo wa QR nyuma yao kwenye mikutano ya video. Watu wanaelekeza simu, duka linafunguka, na mwenye duka hajafungua mdomo.

Hajafungua mdomo. Maneno hayo yalimkaa Mjomba rohoni. Si ndiyo ahadi yenyewe?

Basi akatundika bango ukutani, akalifunika kwa pazia. Wakwe walipojitokeza kwenye skrini, na mpwa ameketi kando yake akiweka sawa kitambaa chake cha kichwa, Mjomba alinyoosha mkono nyuma akavuta pazia, kama mtu anayetafuta hewa.

Mpwa aliuona msimbo kwenye skrini, mkubwa kama dirisha, ukimzunguka Mjomba kichwa. Akamkanyaga mguu chini ya meza. Mjomba akatabasamu kwa maumivu.

"Mzee mwenzangu," alisema baba yake bwana harusi, "wewe unajishughulisha na nini?"

Mjomba alifunga mdomo kabisa, akainamia pembeni kidogo, akaonyesha ukuta kwa kidole gumba.

Huko ng'ambo simu zikainuliwa, moja baada ya nyingine. Kisha nyuso zikainama. Ukurasa uliofunguka ulikuwa na majeneza yanayong'aa, na juu yake maandishi: *Jipime ungali hai. Awahiye ndiye achaguaye rangi.*

"Hivi tumekuja kuoa," baba mtu aliuliza, "au kuzikwa?"

Bibi akaomba asogezewe simu, akaitazama kwa muda mrefu, miwani imeshuka puani. Mpwa aliona ndoa yake inakwenda na maji, na machozi yakamlenga.

"Binti," bibi aliita, "huyo mwanamume ni nani wako?"

Mpwa angeweza kusema lolote. Aliitazama mikono ya Mjomba juu ya meza, yenye vanishi isiyotoka kwa sabuni yoyote. Mikono hiyo ndiyo iliyomsuka nywele za shule baada ya mama yake kufariki, ikamsuka vibaya, na darasa zima lilinusa vanishi.

"Ni mjomba wangu. Ndiye aliyenilea, na masanduku hayo ndiyo yaliyonisomesha. Kama amenyamaza, ni mimi niliyemwomba afiche. Nilikosea."

Miaka yote hiyo Mjomba hakuwahi kusikia mtu akimtaja kwa sauti kubwa kiasi hicho.

Bibi alishusha simu. "Mimi kila nikitaka kuzungumza jambo hili la kuzikwa kwangu na wanangu, wananiambia nimeze dawa nilale. Hii ya bluu ina upana gani? Mimi hulala ubavu."

Mjomba alimgeukia mpwa wake kuomba ruhusa. Ahadi bado ilikuwa ahadi.

"Mama," baba mtu alinong'ona, "tumekuja kwa ajili ya ndoa."

"Ndoa imeshapita, nimekubali. Lete futi unipime." Na bibi alikuwa ameshajilaza kwenye kochi, mikono kifuani, akijaribu usingizi.

Baba mtu hakuwa na la kufanya ila kupiga magoti na futi. Kwenye visanduku vingine vya skrini, mashangazi walianza kunyoosha shingo na simu zao, wakilalamika kwamba wao msimbo hauwafungukii, kuna kitu kimekaa katikati.

Mpwa alijifuta machozi, akamshika Mjomba bega.

"Mjomba," alisema, "sogea kushoto kidogo. Kichwa chako kinaziba."