Muhuri wa Mwalimu Rishaya

Enyi watu wa Ninawi, na miungu inayowalinda, tegeni masikio: mwalimu wetu Rishaya, bahari ya elimu, nguzo ya shule ya waandishi, amepata muhuri mpya! Nguzo yenyewe hata mbuzi hawezi kuiegemea, lakini muhuri ni mzuri.

Ni jiwe la buluu, la mviringo na refu kama kidole, limechongwa Rishaya amesimama mbele ya mungu Nabu, ndevu zikimfika magotini. Ndevu zake halisi hazitoshi kufunga kiatu. Sisi wanafunzi wa bweni tulilazimishwa kuusifu muhuri huo kabla ya kupewa uji.

"Wasio na muhuri hutia sahihi kwa kubonyeza kucha kwenye udongo," alitufundisha. "Wachunga bata. Mimi je?" Akalibusu jiwe.

Siku ya mkataba wa ndoa ya binti yake, wakwe walifika wamejipaka mafuta. Rishaya akauviringisha muhuri juu ya udongo mbichi wa mkataba, taratibu, kama anayepaka mkate asali. Baba wa bwana harusi akainama, akasoma, akakunja uso.

"Mkwe, mbona jina limegeuka nyuma?"

Kila mchongaji huchonga jina kinyumenyume, ili kwenye udongo litoke sawa. Hili lilichongwa sawa. Rishaya alilisoma kwenye jiwe akafurahi, wala hakulijaribu, asije akalichafua.

"Na huyu ndiye anayefundisha watoto kusoma?" shangazi wa bwana harusi akauliza, si kwa kunong'ona.

Basi bwana mwenye muhuri akabonyeza kucha.

Wakwe walipoondoka, akaitwa Dadi, mzee mchongaji, macho yamefifia kwa vumbi la mawe.

"Patasi zako nazitupa mtoni Hidekeli! Hutachonga tena katika mji huu!"

"Nihurumie, bwana wangu. Mimi sijui kusoma, nina wajukuu wa kulisha. Kijana wako aliniletea jina, akasema mwalimu ameshaligeuza mwenyewe, nisibadili kitu."

"Kijana gani?"

"Simjui kwa sura, bwana. Sioni vizuri."

Tukainamisha vichwa wote, wanyenyekevu kama kondoo wa kafara. Nami, kwa heshima kubwa, nikatoa ushauri:

"Mwalimu, huenda alikuwa pepo."

Dadi akageuza shingo. "Sauti ndiyo hiyo."

Rishaya alikuwa ameshashika mfuko wa patasi.

"Ni mimi, mwalimu," nikasema. "Mrudishie mzee vifaa vyake. Nilitaka uchekwe wewe tu."