Hesabu ya Magari Darajani Sabaki

Chuo kikuu kilipofungwa baada ya fujo za Agosti mwaka wa themanini na mbili, tulirudishwa makwetu na amri moja: kila wiki uende kwa chifu ukaripoti, na siku chuo kitakapofunguliwa uwe na barua yake ya kuthibitisha kwamba ulikaa na watu vizuri. Huna barua, huna chuo. Mimi nilikuwa nasomea shahada ya uzamili ya uhandisi, na wakati huohuo nikiwafundisha takwimu wanafunzi wa mwaka wa pili. Nikarudi Mambrui mwalimu na mwanafunzi kwa pamoja, na kotekote sina kazi.

Sijui kukaa bure. Nilipaka chokaa ukuta wa nyumba yetu, ulipokauka nikaupaka tena. Nikaifungua pampu ya kisima cha msikiti, ambayo haikuwa na ila yoyote, nikairudishia, ikaanza kuvuja. Mama yangu, Mwanatumu, alinivumilia kwa muda, kisha akanambia, "Abdulhalim, mwanangu, nakuomba kwa hisani yako, tafuta shughuli iliyo nje ya nyumba hii kabla hujanishushia paa."

Shughuli ilikuja yenyewe. Wanafunzi wangu wawili walikuwa pwani hiihii. Mmoja ni Kahonzi, mtoto wa wakulima wa Kigiriama upande wa bara ya Mambrui. Wa pili ni Jedida, ambaye baba yake alikuja kutoka Nyeri kufanya kazi ya ukarani Malindi. Kahonzi alikuwa ameanguka mtihani wa takwimu na alitakiwa kuurudia chuo kikifunguliwa. Akianguka mara ya pili, anafukuzwa. Jedida alifaulu, lakini alikuja naye vilevile, kwa sababu kwao alichoka kuulizwa ataolewa lini.

Tukasomea barazani kwetu, mlango mkuukuu ukiwa ndio ubao. Kahonzi hakuwa mjinga. Taabu yake ni kwamba hakuiamini namba mpaka aone kitu chenyewe. Nikisema wastani, anauliza wastani wa nini, na nani aliyeuona. Mimi nina hasira za karibu, na asubuhi moja zikanipanda.

"Kama huamini maneno yangu, nenda darajani Sabaki," nikamwambia. "Hesabu magari yanayopita kila robo saa. Yaandike. Kisha urudi ubishane na wastani, si na mimi."

Akaenda. Akaenda asubuhi kadhaa, akarudi macho yanamng'aa. Magari yalikuwa yakipita kama kitabu kilivyosema: kwa wastani sita kila robo saa, mara manne, mara manane, mara chache sana mawili. Tulipoyachora mlangoni, mchoro ukainuka katikati na kushuka pembeni, na Kahonzi akaugusa kwa kidole. "Kumbe ni kweli," akasema. Nilifurahi mno, na katika furaha ile sikuwaza kabisa kwamba nimemtuma mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka ule wa mapinduzi yaliyoshindwa, akakae kichakani kando ya daraja na kuandika kila gari linalopita, ya jeshi yakiwemo.

Jedida ndiye aliyeniletea habari, baiskeli ikimfia mkononi kwa kukimbizwa. "Mwalimu, wamemshika Kahonzi darajani, alikorudi kuhesabu tena. Tangu jana jioni. Wanasema ni mpelelezi."

Nilifika kituo cha polisi cha darajani kabla jua halijakaza. Askari akaniweka uani, nyuma kabisa, kwenye benchi lililoelekea ukuta. Hapo nikasubiri. Nilisimama, nikaketi, nikazunguka pipa la maji, nikaketi. Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa miguu haitulii. Nilimfikiria Kahonzi na mtihani wake. Polisi wakiandika neno moja tu baya, chifu hatampa barua, na yeye atabaki shambani maisha yake yote kwa ajili ya zoezi nililompa kwa hasira.

Hatimaye nikaitwa ndani. Inspekta Mwaura alikuwa mtu wa bara, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Kahonzi alikuwa amekaa sakafuni, hana viatu, mdomo umemvimba upande mmoja.

"Huyu anasema wewe ndiye ulimtuma," Inspekta akasema. "Ati ni masomo."

"Ni masomo, afande. Ni takwimu."

"Masomo gani ya kuhesabu lori za serikali?"

Nikamweleza. Nilieleza haraka, mikono inaruka, nikachora kwa kidole juu ya meza yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo wanafunzi wangu wengi hawakuwahi kuuliza. "Hiyo elimu inaweza kuniambia ni magari mangapi yatapita hapa robo saa inayokuja?"

"Haiwezi kukwambia idadi kamili. Itakwambia baina ya mawili na kumi na moja. Mara tisini na sita katika mia itakuwa kweli."

"Sawa," akasema. "Tuangalie. Ikiwa kweli, nitaamini ni masomo. Ikiwa uongo, mtaenda nyote wawili kufungwa Mombasa."

Akamwinua Kahonzi, tukasimama watatu dirishani. Barabara ilikuwa tupu. Akapita mwanamke na mzigo wa kuni. Wakapita mbuzi. Akapita mzee na baiskeli yenye matenga ya samaki. Inspekta alikuwa anaangalia saa yake, mimi naangalia pembe ya barabara upande wa Malindi, kisha upande wa Mambrui, kisha Malindi tena. Nilimwomba Mungu aniletee magari mawili tu. Hata trekta ningelipokea.

Robo saa ikaisha. Halikupita hata gari moja.

"Basi," Inspekta akasema. "Umeona elimu yako."

Nikaangalia tena pembe ya barabara. Ndipo Kahonzi akaongea, kwa tabu, na mdomo wake ule.

"Mwalimu, hesabu haijakosea."

"Nyamaza wewe," Inspekta akasema.

"Kutopita hata moja ni mara moja katika mia nne," Kahonzi akaendelea, akinitazama mimi, si Inspekta. "Ulitufundisha, jibu likiwa gumu kuaminika, turudi tuangalie tulianza na dhana gani. Tulidhania njia i wazi. Haiko wazi. Kuna watu wameyasimamisha magari, huku na huku. Kuna vizuizi."

Hapo nikajua kwamba ni kweli, na nikajua vilevile kwa kuutazama uso wa Inspekta. Nilipokuwa uani nikisubiri, alikuwa amefunga njia kimyakimya pande zote mbili, nyuma ya pembe ambako hatukuona, ili awanase wale aliodhani ni wenzake Kahonzi. Jambo lile walilijua yeye na askari wake tu.

"Nani amekwambia kuhusu vizuizi?" akauliza. Sauti ilikuwa chini zaidi kuliko mwanzo.

"Hakuna. Nimehesabu."

Ningepaswa kuogopa, na niliogopa. Lakini kabla ya hofu ilinijia furaha, furaha ya kipumbavu, ikanijaa kifua kizima. Mtihani ule angeufaulu hata akiamshwa usingizini. "Amejibu sawasawa," nikasema, kama tuko darasani.

Inspekta Mwaura aliketi. Alimtazama Kahonzi, akanitazama mimi.

"Kijana hana makosa," akasema mwishowe. "Anafanya vile anafundishwa. Mpeni viatu vyake aende kwa chifu wake, sitaandika kitu." Kisha akanigeukia. "Lakini mtu anayeweza kumfundisha kijana wa shamba ajue mipango ya polisi akiwa amefungiwa ndani, huyo nataka kumjua. Wewe unabaki."

Kahonzi alikuwa keshafika mlangoni, viatu mkononi. Akasita. Nikamwashiria kwa kichwa aende, naye hakwenda.

"Wiki ijayo," Inspekta akauliza, kalamu tayari, "ulikuwa uwafundishe nini?"

Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema hesabu za kugawanya. Lakini mwanafunzi wangu alikuwa amesimama pale, na alikuwa anajua jibu la kweli, maana nilikwisha kuwaahidi barazani.

"Madaraja, afande," nikasema. "Namna yanavyovunjika."