Mafumbo ya Marui Yaliamkia Misugusugu

Bi Saida wa Marui alikuwa kungwi. Siri za unyago alizipokea kwa mdomo, na hakupata kuziandika hata mchangani. Kifua kilipoanza kumnyima sauti, mjukuu wake Nuria, mfanyakazi wa kompyuta kule Kibaha, alimtengenezea mchezo wa kuwategea wanawali mafumbo kwa sauti ya bibi mwenyewe.

Bi Saida alisita. “Mashine ina tumbo. Ikimeza, kesho haitatapika mbele za watu?”

“Hii haiandiki popote, bibi. Inakumbuka wakati inakwenda tu. Ukiizima, yote yameyeyuka. Naapa kwa somo wangu.”

“Somo wako si ndiye mimi?”

“Basi nakuapia wewe, mke mwenzangu!”

Wakacheka, na kicheko kikameza shaka.

Mwali wa kwanza kuujaribu alikuwa Fadhila, binti Zena. Alikosea fumbo moja, akawa anakuna kichwa kutafuta jibu jingine, mara mawingu yakatanda. Nuria akaogopa kukosa gari la kurudi. Akabonyezabonyeza, akasema, “Nazima, bibi.” Bi Saida akaona kioo kinakuwa cheusi kwa macho yake mawili, roho ikatulia.

Juma lililofuata alibeba mihogo, akamtembelea Nuria nyumbani kwake Misugusugu, kulekule Kibaha. Hajabisha hodi, akasikia sauti yake mwenyewe mle ndani.

“Fadhila binti Zena, bado nakusubiri. La kwanza umekosea. Sema la pili.” Kisha likafuata fumbo lenyewe, lile lisilosemwa penye wanaume.

Mwanamume akacheka. “Hata leo imeendelea palepale! Hata makosa ya mtoto inayo!”

“Niliugandisha kabla sijazima,” Nuria alikuwa akieleza. “Mfumo wa Linux unaweza hilo, Evodius. Unauchukua mchezo ukiwa unakwenda, unauhifadhi na kumbukumbu zake zote, unauamsha kwenye kompyuta nyingine. Wenyewe haujui kama ulilala.”

Bi Saida akausukuma mlango. Evodius akainuka upesi. “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, baba. Umesikia mpaka wapi?”

Evodius akamtazama Nuria. “Tangu jana, bibi. Tuliujaribu ofisini.”

Mihogo ikamponyoka Bi Saida.

“Ofisini walitaka mfano wa kuonyesha, bibi,” Nuria akasema. “Huu ndio niliokuwa nao mkononi. Na sikuandika hata neno moja, niliugandisha tu.”

“Mwizi wa kuku naye husema hakuchinja, alimbeba tu usingizini. Hukuwa na hesabu za duka? Hukuwa na picha za maua?”

“Naufuta, tazama. Umekwisha.”

“Na wa ofisini?”

Nuria akaifunika kompyuta.

“Kitendawili,” akasema Bi Saida.

“Tega,” Nuria akajibu kwa mazoea.

“Nilimpa ufunguo alinde nyumba, mwizi akaingia bila kubomoa.”

Machozi yakamtoka Nuria.

“Huna jibu? Nipe mji.”

“Chukua Kibaha, bibi.”

“Kibaha siitaki.”

Nuria akakimbilia viatu amsindikize. Bi Saida akamzuia kwa kiganja. “Kaa na mgeni wako.”

Aliporudi Marui, hakupitia nyumbani kwake. Alishukia kwa Zena, akamweleza yote akiwa bado amesimama: jina la mwanawe limetajwa, na makosa yake yamechekwa na wanaume asiowajua. Afadhali Zena ayasikie kinywani mwake kuliko barabarani.

Zena alisonga ugali mpaka ukaiva. Alipouepua ndipo akasema, “Mafunzo ya mwanangu atayamaliza kungwi wa Kibuta. Na akina mama wenzangu nitawaambia. Nisamehe, mama.”

“Ni haki yako.”

Simu ikaita kwenye pindo la kanga ya Bi Saida. Akaitoa, akaitazama.

“Hupokei?” Zena akauliza.

“Ni Nuria.”

“Ndiyo nauliza. Hupokei?”

Bi Saida akaiweka juu ya mkeka, uso chini, ikaita mpaka ikachoka.