Mayai Chini ya Balbu

Mdomo uliniponza. Maji ya bwawa jipya la umeme yalikuwa yameshameza shamba la mihogo la mama mkwe wangu, sasa yanapanda kuelekea mlangoni. Lori la kutuhamisha linapiga honi, naye amekaa jikoni kando ya kuku wake, hatoki.

"Kuku anayeatamia hahamishwi," alisema. "Atayasusa mayai."

"Hayasusi, mama. Nakuapia."

"Haya. Yakiwa viza, naenda zangu kwa binti yangu. Bwawa limekula shamba; likila na vifaranga, kwenu sina la kungoja."

Tulipofika makazi mapya, kuku alitoka kapuni, akayatazama mayai kana kwamba si yake, akaenda zake kuchakura uani. Mama mkwe aliketi na furushi lake mapajani, hata fundo hajaligusa. Pamoja na ugomvi wetu wote wa chumvi na kuni, nyumba bila yule mama ingenishinda. Niliogopa, nasema kweli.

Kitu pekee tulichopata ambacho kule hatukuwa nacho ni umeme. Mume wangu akashusha balbu, ile ya zamani inayounguza vidole, ndani ya boksi. Nikatandika vitambaa, nikaweka kikombe cha maji, nikawa nayageuza mayai asubuhi na jioni.

"Yaani bwawa ndilo litotoe?" mama mkwe aliguna. "Makubwa!"

Mchana mmoja umeme ukakatika. Nilirudi mbio kutoka bombani, nikakuta boksi tupu. Nikaingia chumbani kwa mama mkwe: amelala chali, kajifunika khanga, tumbo limejaa vinundu.

"Usinichekeshe," alisema. "Yatavunjika."

Nilicheka hata hivyo, mpaka machozi. Aliyatunza hivyo hivyo hadi balbu ilipowaka tena.

Siku chache baadaye tuliamshwa na milio. Mayai mawili yalikuwa viza. Mengine yote yametotoka, vifaranga wanakanyagana chini ya taa. Mama mkwe alimchukua mmoja kiganjani, akamtazama kwa muda mrefu.

"Shamba langu, hao wa bwawa sijawasamehe," akasema. "Ila hii taa, nimeisamehe."

Akamrudisha kwa wenzake, akavuta furushi lake, akaanza kulifungua fundo kwa meno.

"Mkamwana, mbona humu hamna hata msumari wa kutundikia nguo?"

Nikakimbilia nyundo.