Mgongo Haumo Kwenye Fomu

Kazini walimwita Bi Alama, na jina lilimkaa. Kutwa nzima alikuwa peke yake chumbani mbele ya kompyuta, akitazama video za akina mama wa nchi mbalimbali na watoto wao, akiwapa alama za upendo. Tabasamu, moja hadi tano. Maneno matamu, moja hadi tano. Kumtazama mtoto machoni, vivyo hivyo. Hebu niambie, kazi gani hiyo ya kuwapimia watu mapenzi kama unga! Lakini aliiweza, maana hakuwa mtu wa kupendelea.

Asubuhi hiyo alikuja na donge rohoni. Kaka yake alikuwa amepiga simu: mama hawezi tena kuishi peke yake, nani atamchukua? Kwa kaka kumejaa. Bi Alama alikuwa na vyumba viwili na kikombe kimoja mezani. Akasema atajibu jioni, ingawa jibu alishakuwa nalo. Mama gani yule, asiyewahi kumkumbatia wala kumwita mwanangu? Miaka saba hawajaonana.

Video ya kumi na moja: mama amembeba mtoto mgongoni, anakunja nguo. Hasemi, hacheki, hageuki. Bi Alama akaandika moja, moja, moja.

"Huyu naye ni jiwe," akajisemea.

Utaratibu wao ulikuwa kwamba mama akipata alama za chini, video yake irudiwe bila sauti. Akazima sauti, shingo upande. Ndipo akaona. Mguu wa mtoto ulipokakamaa tu, mama alishahamisha uzito. Kichwa cha mtoto kilipolegea, mama aliinama kidogo kisining'inie. Mara tisa alifanya hivyo, na mtoto hakulia hata kidogo. Mama hakuwa na haja ya kugeuka. Alimsikia kwa mgongo.

Bi Alama akaganda. Mgongo ule aliujua. Shavu lake lilikumbuka kitambaa chenye jasho, na mtikisiko wa mtu anayefua nguo huku hataki kukuamsha. Jamani, miaka yote hiyo alikuwa akiutafuta uso!

Akamwendea msimamizi. "Fomu haina mahali pa mgongo."

"Basi jaza palipo na mahali," msimamizi akasema bila kuinua macho. "Zimebaki video mia mbili."

Akatoka kwenye korido, akapiga simu.

"Mama, nije nikuchukue?"

"Kwako si kuna ngazi? Miguu yangu imekwisha."

"Nitakubeba mgongoni."

"Acha utani wako. Mimi mzito."

"Na mimi je, sikuwa mzito?"

"Hukuwa mzito," mama akasema. "Hata siku moja."