Pini ya Goti la Kipyenga

Dada yangu tunamwita Kipyenga kwa sababu ni mwalimu wa michezo, na hata nyumbani hatuiti kwa majina, anatupulizia filimbi. Mguu wake wa kulia ni wa bandia, na goti lake linazunguka kwenye pini ya titani. Titani ni nyepesi na haishiki kutu, lakini ikisuguliwa inalika kama sabuni. Pini ilipolika goti lililegea, Kipyenga akaanguka mara mbili mbele ya wanafunzi. Mwalimu mkuu akamwambia akianguka tena atahamishiwa stoo ya vifaa.

"Mimi nikahesabu mipira?" aliniuliza. "Mdogo wangu, si wewe fundi? Nitengenezee."

Kazi yangu ni kuvisha vyuma utando mgumu wa rangi ya dhahabu ndani ya tanuru. Nikaivisha pini mpya, nikatamba kweli. Kwenye mashine ya kusugulia, tunayojaribia uimara wa vyuma, utando ukapasuka na kubanduka. Nikauongeza unene, ukabanduka upesi zaidi. Bosi akasema maji yakimwagika hayazoleki, niachane nayo. Nilikasirika hadi nikasusa chakula, jambo ambalo halijatokea tangu nizaliwe.

Kesho yake kigae cha bafuni kilipasuka chini ya kisigino changu. Nikakilaani, kisha nikakiinua. Chenyewe kilikuwa kigumu, ila mchanga wa chini ulikuwa umedidimia. Nikachuchumaa pale na taulo langu, nikicheka peke yangu. Utando wangu haukuwa na kosa. Titani iliyoubeba ndiyo ilikuwa laini, ikibonyea kila ikikandamizwa.

Safari hii niliioka pini kwanza katika gesi ya naitrojeni mpaka ngozi yake ikawa ngumu, ndipo nikaivisha utando, tena mwembamba. Mashine ilisugua hadi mkanda wake yenyewe ukakatika, na pini ikabaki inang'aa. Bosi alinipa mkono. Niliufaidi sana mkono ule.

Muhula mzima goti halikulegea. Siku ya mbio za walimu Kipyenga alishika nafasi ya tatu, na mwalimu mkuu akafika wa mwisho, ameshika kiuno, anahema. Dada yangu akamrudia kwa hatua zilizonyooka, akamwinamia kwa heshima zote.

"Pole, mwalimu mkuu," akasema. "Kapumzike. Kule stoo kuna kiti."

Nililia mbele za watu, wala sikujali.