Ng'ombe wa Mzee Zénon

Harufu iliingia uani kabla ya mume. Mwantum alikuwa amechutama anapepeta mchele, na gari lilipopita langoni kinyumenyume akaacha ungo, akainua pua. Mwanamke aliyewapikia watu wa mtaa wa Buyenzi shughuli zao miaka nenda rudi hahitaji kuonyeshwa kitu kama hicho. Akasema moyoni, Mola apishe mbali, na kabla hajamaliza kusema, inzi wa mtaa mzima walikuwa wameshapata habari.

Gari lenyewe lilimchukiza tangu siku ya kwanza. Lilikuwa kampinkari, nyumba ya magurudumu, ambayo Wazungu wawili walitoka nayo kwao wakitaka kuizunguka Afrika nzima, wakachokea Bujumbura. Ndani lilikuwa na kitanda, sinki, kabati la vikombe, na choo ambacho Mwantum aliapa hatakigusa hata kwa fimbo. Mumewe Atumani, dereva wa malori tangu ujana wake, alilinunua kwao akisema litafaa kazi ya mke wake. Akang'oa meza ya Wazungu, akaweka friza ndefu, ili nyama ya bara ifike mjini ingali baridi. Wazo halikuwa baya. Ubaya ulikuwa wa mwenye wazo, ambaye alilala na viatu kwenye kile kitanda, hatua moja kutoka kwenye nyama za watu, na akiambiwa alicheka.

Safari hii nyama haikuwa ya kununua. Ernestine wa mtaa wa Nyakabiga, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anaondoa matanga ya baba yake, Mzee Zénon. Sherehe, ile wanayoiita kuganduka, ilikuwa kesho yake. Mzee aliacha dume moja la ng'ombe huko kwao mlimani, upande wa Gitega, na kabla hajakata roho aliagiza lichinjwe siku watoto wake watakapovua huzuni, liliwe na wote kwa pamoja, wa mlimani na wa mjini, Wakristo na Waislamu. Ndiyo maana Ernestine alimtaka Mwantum apike, na Mwantum akamtuma Atumani aende na mchinjaji. Nusu ya nyama ilibaki kwa jamaa wa mlimani, nusu ikapakiwa kuja mjini. Dume la pili halikuwapo. Ukiiharibu nyama ile, ulikuwa umeliharibu neno la mwisho la mzee wa watu.

Atumani alishuka, akajinyoosha mgongo, akauliza kama chai ipo.

Mwantum alimpita. Akafungua mlango wa nyuma, akapanda. Friza ilikuwa kimya kabisa. Alipoinua kifuniko, joto lilimpanda usoni pamoja na uvundo, akahisi umemwingia mpaka mizizi ya meno. Mapaja yalikuwa yamelainika na kuteleza. Mafuta yalikuwa yameanza kuota ukijani kwenye kingo. Chini kulikuwa na maji mekundu mazito, na mengine yalikuwa yamepata njia, yamelowesha zulia la Wazungu mpaka chini ya kitanda. Ukutani, juu ya friza, pale ambapo kuna kitaa cha kuonyesha betri, palikuwa pametundikwa kofia ya Atumani.

Akatoka nje, akashika ukuta, akatema mate, akatema tena. Hata mtandio wake ulikuwa umeshanuka.

Atumani alieleza mambo huku anakuna tumbo. Mafuta ya gari yalikuwa hayapatikani Gitega, kama yasivyopatikana popote, akapanga foleni kuanzia mchana, akalala hapohapo, akapata kesho yake alasiri. Injini ilikuwa imezimwa, maana nani atachoma mafuta akiwa kwenye foleni ya mafuta? Friza ilikuwa iendeshwe na betri ya pili, ile ya nyuma, inayochajiwa gari likiwa safarini. Usiku kitaa kikawa chekundu, kikawa kinapepesa, kikamnyima usingizi. Ndipo akakitundikia kofia. Kosa, alisema, ni la Tajudini aliyefunga hiyo betri, na Tajudini ni mtoto wa mjomba wake Mwantum, kwa hiyo kama kuna wa kulaumiwa atafutwe kwa akina Mwantum.

Yote hayo angeyavumilia. Amevumilia mengi. Lakini mume wake alisogea karibu, akashusha sauti, akamwita kwa jina la binti yao kama anavyofanya akitaka kitu.

"Iko na harufu kidogo tu, Mama Khadidja. Utaiosha na vinegre, utaweka tangawizi mingi na pilipili. Pilau inafichaka kila kitu."

Mwantum alimtazama yule mtu. Alikuwa amekula chakula cha mikono yake miaka yote hiyo, na kumbe hivi ndivyo alivyokuwa akiufikiria upishi wake, kama matandiko ya kufunikia uchafu. Akamwambia asiiguse nyama ile, asimguse yeye, na asiseme neno na mtu mpaka arudi. Alitaka aende Nyakabiga kumweleza Ernestine, lakini hakutaka kwenda na maelezo nusu. Kama kosa ni la ndugu yake, alitaka alitamke yeye mwenyewe kabla halijasemwa na wengine. Akajitanda mtandio mwingine, akaenda gereji.

Tajudini alikuwa chini ya boneti ya teksi. Aliposikia, alijifuta mikono taratibu, akaonekana kama mtu aliyekuwa akiingojea habari hiyo. Akamweleza kwa maneno ya kawaida. Magari ya zamani, maadamu injini inaunguruma, altaneta inatoa umeme tu, haichagui. Haya ya siku hizi yana kompyuta. Betri ya mbele ikishatosheka, kompyuta inaiambia altaneta ipumzike ili mafuta yasipotee bure, na ikipumzika, betri ya nyuma haipati kitu hata ukienda mpaka Dar es Salaam. Kuna kifaa cha kuilazimisha. Alimwomba shemeji yake Atumani akiagize, shemeji akasema hayo ni mambo ya Wazungu wenye muda. Basi akamfungia njia nyepesi, inayoziunganisha betri mbili pale tu altaneta inapoamka kwa nguvu. Na inaamka wakati gani? Dereva akitoa mguu kwenye mafuta, gari likiwa bado kwenye gia, likishuka mlima huku linajizuia lenyewe.

"Dada, ile gari inachajikaka ikishuka," Tajudini alisema. "Nalimwambia shemeji: barabara ya Gitega ni kupanda na kushuka, kushuka kule ndiko kunajaza betri. Lakini usitoe vitesse, gia ikae. Ukitoa, apana kitu."

Mwantum hakuhitaji kusikia zaidi, kwa sababu jibu la Atumani linajulikana mtaa mzima. Atumani hashuki mlima kwa gia. Anashuka rulibre: anatoa gia, anaacha gari lijiendee kwa uzito wake, mkono mmoja dirishani. Hivyo ndivyo walivyofundishana madereva wa zamani kuokoa mafuta, na tangu mafuta yawe haba imekuwa kama ibada. Akikaa na wenzake hasemi alichobeba wala alikokwenda, anasema tu alivyotoka Bugarama, kule juu mlimani, mpaka mjini bila kulamba hata tone la mafuta. Tajudini alipomwonya, alijibiwa kwamba Bugarama ilishukwa kabla yeye hajaachishwa ziwa.

Tajudini akaongeza moja, bila kicheko. Kwa injini hizi, ukishuka kwenye gia mafuta yanakatika kabisa, injini inazungushwa na magurudumu. Ukitoa gia, ndipo inaanza kunywa tena ili isizimike. Kwa hiyo shemeji hakuokoa mafuta. Aliyamwaga, na betri hakuijaza, na akafika Gitega na betri isiyo na kitu tumboni, kisha akazima injini akalala.

Mwantum alirudi akitembea haraka, na kila hatua ilimwongezea kinyaa. Nyama inaoza, hiyo ni kazi ya nyama. Kilichomtia kichefuchefu ni kile kiburi cha mtu mzima, kinachoambiwa jambo kwa Kiswahili chepesi, kinacheka, kinakwenda kulifanya vilevile, kisha kikiona taa nyekundu kinaifunika kofia ili kilale.

Alipokaribia lango akasikia harufu ya udi. Udi mwingi, kama wa arusi. Chini ya udi kulikuwa na tangawizi inayokaangwa, na chini ya tangawizi, kwa pua yake yeye, ule uvundo ulikuwa bado umekaa palepale.

Ernestine alikuwa uani, ameketi kwenye kiti cha heshima, sahani mapajani. Alikuja kuisalimia nyama ya baba yake, ndivyo alivyosema, maana nyumbani kulikuwa na wageni wengi na hakuweza kukaa bila kujua kama imefika salama. Mlango wa gari ulikuwa umefungwa. Atumani alikuwa amesimama kando ya jiko la makaa, kijiko mkononi, mwenye tabasamu la mwenye nyumba. Sahani ilikuwa karibu tupu.

"Nimekula, Mama Khadidja," Ernestine alisema. "Ile mikono yako. Hata papa yangu angefurahi."

Mwantum aliona mdomo wa yule mama unang'aa mafuta. Akafumba macho, akayafumbua, sahani ilikuwa bado pale.

"Tema," alisema. "Ernestine, dada yangu, tema iliyobaki mudomoni. Iyo nyama imeoza. Haikupikwa na mimi."

Ernestine alicheka kidogo, akidhani ni utani wa wapishi. Kisha akaona haukuwa utani, akamgeukia Atumani. Akasema haiwezekani, kwa sababu Baba Khadidja alionja mbele yake kwanza, ndipo akampa. Naye alisema kweli. Katika mji huu anayekupa cha kula au cha kunywa huonja mbele yako, ili ujue hakuna alichokuwekea, na ukishamwona amemeza, kukataa ni kumtukana. Atumani alikuwa ameifuata desturi yote. Alichukua kipande cha kwanza mwenyewe, akameza, akafuta midomo, kisha akampakulia mfiwa.

"Wanawake wanaogopaka bure," Atumani alisema. Akachukua kipande kingine sufuriani, kikubwa, akakitia kinywani mbele yao wote wawili, akaanza kutafuna.

Mwantum alimwangalia. Aliona taya zinakwenda. Aliona koo linakataa mara moja, macho yanajaa maji, na mtu yule analilazimisha. Alikuwa tayari kumeza mzoga, kuuteremsha mpaka tumboni, kuliko kufungua mdomo huohuo na kusema nimekosa. Kukosa kuna dawa. Huyu alikuwa anakula kosa lake kama chakula, na alikuwa amemkaribisha mgeni wale pamoja. Hapo Mwantum alimchukia mume wake waziwazi, kwa moyo mzima, na hakuona haya kumchukia.

Alimshika Ernestine mkono, akamwinua, akampeleka nyuma ya gari. Akafungua mlango, akapanda, akainua kifuniko cha friza, akasogea kando ili aone. Akamwambia yote, palepale, bila kupamba: kwamba betri ilikuwa ijazwe kwenye miteremko, kwamba mwenye gari aliambiwa asitoe gia akaitoa, kwamba taa ilimwonya akaifunika kofia, na kwamba yeye mwenyewe, Mwantum, ndiye aliyemtuma.

Ernestine alitazama lile dume ambalo baba yake alilichunga mpaka siku za mwisho, mapaja yanayoteleza, maji mekundu, inzi. Kisha akashuka, akashika gurudumu la nyuma kwa mikono yote miwili, akatapika. Alitapika kwa muda mrefu, mwalimu yule, katika kitenge chake kizuri alichowavalia wageni, na kila alipodhani amemaliza harufu ilimrudia. Mwantum alimshika mgongo. Nyuma yao Atumani alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha heshima, shavu moja limevimba, tonge halishuki wala halitoki.

Ernestine alipotulia, Mwantum alikimbia ndani akaleta maji kwenye kikombe kisafi. Akasimama mbele yake, akapiga funda moja kwanza kama inavyotakiwa, akameza, akamnyoshea kikombe kwa mikono miwili.

Ernestine alikitazama kikombe. Akamtazama Mwantum mdomoni, pale palipokuwa pamelowa.

"Yeye simujui," alisema polepole. "Hata akionja mara kumi, singekula kwa mutu simujui. Nalikula sababu nalijua iyi ni nyumba yako."

Akampita, akaenda kwenye bomba la uani. Akalifungua, akasukutua, akakinga maji kwa kiganja chake mwenyewe, akanywa. Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akatoka langoni, akashika njia ya Nyakabiga kwenda kuwaambia ndugu zake kwamba ng'ombe wa baba hayupo. Mwantum alibaki amekishika kikombe kwa mikono miwili.